UZI: Umelipia kuchapisha, mbona maktaba hazina kitabu? Mkataba, hesabu, ISBN na njia ya kufika rafuni

Wino_Kondele (Kisumu)

Hamjambo wadau. Kuna ofa inazunguka kwenye vikundi vya waandishi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru, na watu wanaitia sahihi mbio mbio. Jina la kampuni naliacha, na si moja tu, mikataba yao inafanana kama pacha.

Masharti ni haya: mwandishi analipa shilingi 150,000. Anapewa nakala 100 za kitabu cha kurasa 200, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya kampuni, "usambazaji wa kimataifa", kitabu "kuwekwa Maktaba ya Taifa", na mrabaha (fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa) wa asilimia 40 ya mapato halisi. Kampuni inachukua haki za kipekee kwa muda wote wa hakimiliki. Mswada wake unaofuata lazima waonyeshwe wao kwanza.

Wenye kujua uchapaji, sheria na maktaba, tukipasue hiki kitu kipengele kwa kipengele. Mambo ya "wezi hao" tuyaweke kando, tunataka hesabu.

---

Karani_wa_Vitabu (Nakuru)

Naanza na pesa maana ndiyo rahisi.

150,000 kwa nakala 100 ni 1,500 kila nakala. Kitabu cha namna hiyo ukikiuza 800 mkononi, zote 100 ziishe, unakusanya 80,000. Umeshapoteza 70,000 kabla ya nauli ya matatu. Watakwambia humo ndani mna uhariri na jalada. Sawa, basi waandike kila kazi na bei yake: uhariri, usomaji wa prufu, upangaji wa kurasa, jalada, kuchapa, usafiri. Asiyetaka kutenganisha bei anajua kwa nini hataki.

Sasa ile asilimia 40 inayowavutia watu. Soma inahesabiwa kutoka wapi. Tuseme bei ya jalada ni 800 na duka limepewa punguzo la asilimia 40. Zinabaki 480. Mkataba unawaruhusu wakate gharama ya kuchapa, tuseme 350, halafu "usimamizi" 60 na "uhifadhi" 50. Makato 460. Kilichobaki ni shilingi 20, na asilimia 40 yake ni shilingi 8. Mchapishaji wa kawaida anayekupa asilimia 10 ya bei ya jalada, na ambaye hakukulipisha hata senti, anakupa 80. Hapo KRA, mamlaka ya kodi, inachukua kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, unabaki na 76.

Nane dhidi ya sabini na sita. Na ile nane nayo bado inangoja ripoti ya mauzo, ambayo mara nyingi mkataba hausemi itatolewa lini.

---

Nyar_Ahero

Asilimia 40 ya hewa, kwa kifupi 😂

---

Kona_ya_Sheria (Kakamega)

Mulembe. Mimi nachukua upande wa haki.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hakimiliki ya kitabu hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo "muda wote wa hakimiliki" maana yake ni kwamba mjukuu wako ndiye atakayeenda kuomba ruhusa ya kuchapa tena. Na umelipa wewe ili hilo litokee. Mchapishaji anayewekeza pesa yake ana sababu ya kudai haki za kipekee, kwa sababu hasara ni yake. Anayelipwa na mwandishi kwanza hana hasara ya kulinda. Mpe leseni isiyo ya kipekee, kwa umbo moja tu (karatasi), kwa miaka 2 au 3, basi.

Habari njema: sheria hiyo hiyo inataka uhamisho wa haki, au leseni ya kipekee, uwe kwa maandishi na uwe umetiwa sahihi. Kama mlikubaliana kwa WhatsApp na simu tu, hukumuuzia mtu hakimiliki. Usikubali kutia sahihi "fomu ndogo ya utaratibu" baada ya malipo.

Vipengele vinne vya kuwekea alama nyekundu:

Kwanza, kurudishwa kwa haki. Mikataba ya zamani husema haki zinarudi kitabu "kikiisha sokoni". Kampuni inayochapa nakala moja moja kwa oda haiishiwi kamwe. Dai kipimo cha idadi: ikiuza chini ya nakala kadhaa kwa miezi 12, haki zirudi bila ada.

Pili, mswada unaofuata. Futa. Usijadiliane hata.

Tatu, mafaili. Andika kwamba faili la kurasa linaloweza kuhaririwa, faili la jalada, na PDF ya kuchapia ni mali yako na utakabidhiwa siku ya malipo ya mwisho. PDF peke yake haitoshi, ukitaka kurekebisha kosa la ukurasa wa 37 utalipa upya. Tate Publishing ya Oklahoma ilipofunga milango 2017, waandishi waliokuwa wamelipa walibaki kufukuzia mafaili yao wenyewe. Kampuni kufa si jambo la ajabu, hata ya hapa kwetu inakufa.

Nne, idadi. "Nakala 100" zisizo na tarehe ni ahadi ya hewani. Dai ankara ya kiwanda kilichochapa na hati ya kupokelea mzigo yenye idadi.

Kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni jambo zuri kwa ushahidi na hufanywa mtandaoni, lakini hakimiliki unakuwa nayo tangu uandike. Anayekuuzia "hakimiliki" kama huduma ya 15,000 anakuuzia kilicho chako.

---

Mwl_Bungoma

Shukrani wakili. Na ISBN je? Wao wanasema wakitoa yao mwandishi anaokoa pesa.

---

Mkutubi_wa_Ziwani (Kisumu)

Mwalimu, hapo ndipo watu wanapofungwa kamba bila kujua.

Kenya, ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa, KNLS, jijini Nairobi, na mwandishi binafsi anaweza kuomba kama mchapishaji wa kitabu chake. Namba za Kenya huanza 978-9966 au 978-9914. Baada ya hapo kuna tarakimu za mchapishaji, kisha za kitabu, kisha moja ya kuhakiki. Zile za mchapishaji ndizo kiini chenyewe: zinasema kitabu ni cha nani kibiashara. Muuza vitabu au mkutubi akitafuta namba hiyo anapata jina la kampuni, anwani ya kampuni, simu ya kampuni. Simu ikizimwa, oda imekufa. Na ukitaka kuchapa toleo lako mwenyewe baadaye, namba ile huwezi kuihamisha.

Tazama pia mwanzo wa namba uliyopewa. Ikianza na 979-8, hiyo ni ya Marekani, na ndivyo zinavyoanza zile za bure za Amazon. Yaani huenda umelipishwa kwa kitu ambacho Amazon hutoa bila malipo, na ambacho hakitumiki nje ya Amazon.

Kuna zingine ni za kubuni kabisa. Kuhakiki ni kazi ya dakika moja na kalamu. Chukua namba ya kufundishia 978-3-16-148410-0. Zidisha tarakimu 12 za kwanza kwa 1, 3, 1, 3 hadi mwisho, ujumlishe: 9+21+8+9+1+18+1+12+8+12+1+0 = 100. Tafuta kinachohitajika kufika kumi inayofuata. Hapa ni 0, na tarakimu ya mwisho ni 0, basi iko sawa. Isipolingana, namba imebuniwa au imekosewa, na mfumo wa maktaba utaikataa pale pale. Namba ikilingana bado si uthibitisho kwamba ni yako. Waulize KNLS imesajiliwa kwa jina la nani.

Kila umbo linataka namba yake: jalada laini moja, jalada gumu nyingine, kitabu cha kielektroniki nyingine. Kuchapa tena bila kubadili chochote hakuhitaji namba mpya. Toleo lililorekebishwa linahitaji.

---

Wino_Kondele

Na hii ya "kuwekwa Maktaba ya Taifa"?

---

Mkutubi_wa_Ziwani

Hiyo ni amana ya kisheria, Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111. Kila mchapishaji anatakiwa kuwasilisha nakala za alichochapisha, hapendelewi mtu. Nakala za amana zinahifadhiwa na kuorodheshwa katika bibliografia ya taifa. Hazipandi basi kuja Kisumu wala Kakamega kuazimwa. Kukuuzia hilo kama "usambazaji" ni kukuuzia leseni ya dereva kama gari.

Lakini lifanye, na ulifanye mapema. Kitabu kisichoingia kwenye orodha ya taifa kitawasumbua wakutubi wengine wote, kwa sababu hakuna rekodi ya kunakili na kila mmoja ataanza kuandika upya.

---

Mpiga_Chapa_Nakuru

Nimekuwa nikisoma kimya. Niongeze upande wa kitu chenyewe, maana vitabu vingi havifiki rafuni kwa sababu vinaachana mikononi.

Kurasa. Ofseti, yaani uchapaji wa pleti za nakala nyingi, hupiga karatasi kubwa inayokunjwa mara tatu, inatoa kurasa 16. Kurasa 200 si hesabu nzuri, ni 12 na nusu. Panga 192 au 208. Dijitali haijali hilo sana, na kwa nakala 100 utaenda dijitali tu, kwa kuwa gharama ya pleti za ofseti ukiigawa kwa 100 inaumiza. Ofseti inaanza kuwa na maana nakala zikiwa mamia kadhaa kwenda juu. Kampuni ikikutoza bei ya ofseti kisha ikachapa dijitali hamsini hamsini, utajua kwa ankara ya kiwanda aliyotaja wakili.

Mgongo. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 208 ni majani 104, kwa hiyo mgongo ni kama milimita 10 na nusu, ongeza kidogo cha jalada. Msanifu anayetengeneza jalada kabla ya kujua kurasa ni ngapi atakuletea mgongo uliohama, kichwa cha kitabu kinakunjika kuelekea mbele. Hilo ni kosa linaloonekana mita tatu kutoka rafuni.

Gundi. Uliza nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Zinatakiwa ziende sambamba na mgongo. Zikikatiza, kurasa hujikunja kama bati na gundi hupasuka kitabu kikifunguliwa. Jaribu nakala moja: ifungue katikati, ibonyeze mezani, shika jani moja ulivute. Likitoka, kataa mzigo wote siku hiyo hiyo, kabla hujatia sahihi ya kupokea. Ukishasaini ni maneno matupu.

Jalada gramu 250 hadi 300, laminesheni ya mat au ya kung'aa. Bila laminesheni, joto la Kisumu na jasho la mikono ya wanafunzi vinamaliza wino wa kona muhula mmoja.

Picha 300 dpi, ziada ya milimita 3 kila ukingo wa kukatwa, maandishi ya ndani yawe nyeusi tupu na si mchanganyiko wa rangi nne. Msimbo pau uwe mweusi juu ya nyeupe, kipimo cha kawaida ni karibu milimita 37 kwa 26. Kuna wasanifu wanaupaka rangi nyekundu ili upendeze. Kisomaji kinatumia mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu hakiioni kabisa.

---

Mkutubi_wa_Ziwani

Mpiga chapa amesema la maana. Niongeze moja ambalo wasanifu hawalijui: chini ya mgongo acha sentimita 4 tupu. Pale ndipo tunabandika lebo ya namba ya rafu. Ukiweka jina la mwandishi hapo, tutalifunika, na kitabu kitakaa rafuni bila mwenyewe. Mgongo mwembamba kuliko lebo unatulazimu kubandika kwenye jalada la mbele, kona ya chini kushoto. Kilichofungwa kwa stapo au ringi mara nyingi hatukichukui, hakina mgongo wa kusomwa na hakistahimili kuazimwa.

---

Otis_Dunga

Omera mkutubi, tuje kwenye swali lenyewe sasa. Mtu ana nakala 100 nyumbani Nyalenda, nzuri, ISBN yake. Anaingizaje maktaba?

---

Mkutubi_wa_Ziwani

Kuna milango mitatu, na kila mmoja una watu wake. Naandika marefu kidogo, mnivumilie.

Maktaba za umma. Bodi ya KNLS iliundwa kwa sheria ya 1965 na matawi ya mikoani yalikuwa yake miaka yote. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo kabla ya kubeba katoni, ingia tawi la Kisumu, Kakamega au Nakuru umwone msimamizi, umuulize swali moja: mwaka huu vitabu vinanunuliwa na kaunti au na makao makuu? Jibu hilo ndilo linaloamua barua yako inaenda kwa nani. Wengi wanaandikia "Mkurugenzi" na barua inazunguka hadi inazeeka.

Ununuzi wa umma unaongozwa na sheria ya 2015. Mkutubi hawezi kutoa pesa mfukoni akakununulia vitabu 5 hata akivipenda. Anaandika mapendekezo, idara inaweka kwenye mpango wa ununuzi, oda inapewa msambazaji aliyeidhinishwa. Hapo una njia mbili. Ya kwanza, ujisajili mwenyewe kama msambazaji: jina la biashara, PIN ya KRA, cheti cha uzingatiaji kodi kutoka iTax, ankara ya eTIMS (ankara ya kielektroniki ya KRA), kibali cha biashara cha kaunti. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wana asilimia 30 ya zabuni waliyotengewa kupitia AGPO, mpango wa serikali wa makundi hayo, usidharau. Ya pili, na kwa mwenye kitabu kimoja naiona bora, ni kutafuta duka la vitabu ambalo tayari limeidhinishwa na kaunti au chuo, umpe punguzo la asilimia 25 au 30, aingize kichwa chako kwenye orodha yake ya bei. Oda ya maktaba ni ya vitabu mia mbili kwa mara moja, na chako kinapanda humo bila wewe kugusa zabuni.

Wakati nao una neno. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Mapendekezo yaletwe miezi kadhaa kabla ya Julai, mipango inapoandikwa. Ukija Juni utakuta watu wanakimbizana kufunga vitabu vya hesabu, na hakuna atakayekusikiliza.

Mlango wa pili ni vyuo: Maseno, Masinde Muliro, Kibabii, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Egerton pale Njoro. Huko mkutubi hasikii mwandishi, anasikia mhadhiri. Mhadhiri akijaza fomu ya mapendekezo na kutaja kozi inayohitaji kitabu, kinaingia kwenye foleni. Riwaya isiyo kwenye kozi yoyote itangoja sana. Kitabu cha historia ya eneo, lugha au kilimo kina nafasi kubwa zaidi.

Wa tatu ni zawadi. Barua fupi, nakala 2 tu, na useme wazi hazina masharti: maktaba ikiona hazifai inaweza kuzitoa. Omba barua ya kupokea. Usilete katoni ya 50, tutaweka 2 rafuni na 48 zitakuwa chakula cha mchwa stoo. Pia jua kwamba ukishatoa zawadi, hamu ya kununua inapungua. Leta moja ya kusomwa na ofa ya bei kwa zingine.

Pamoja na kitabu weka karatasi moja ya taarifa: kichwa, mwandishi, ISBN, mwaka, kurasa, kipimo, lugha, msomaji anayelengwa, bei ya maktaba, nani anatoa ankara, muhtasari wa maneno 100. Namba ya Dewey (ya kupanga vitabu rafuni kwa mada) ukiijua, pendekeza. Hadithi ya Kiswahili ni 896.3923, riwaya ya Kiingereza 823, historia ya Kenya 967.62, mahindi 633.15, upishi 641.5. Mkutubi anaweza kuibadilisha, lakini unamwokolea kazi.

---

Karani_wa_Vitabu

Kwa bei ya maktaba msisahau VAT. Tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa asilimia 16. Mwandishi ambaye mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka hatakiwi kujisajili, hivyo hatozi VAT, lakini kiwanda kinamtoza na hawezi kuirudisha. Ikiwa kuchapa ni 300, gharama yako ni 348. Bei 800, duka likipewa asilimia 35, unapokea 520. Zinabaki 172 za kulipia mhariri, msanifu na usafiri wa mzigo kwa basi. Muulize mwenye duka pia kama punguzo lake linahesabiwa kabla ya VAT au baada, hapo watu wanagombania kila mwisho wa mwezi.

Na madukani utaacha vitabu kwa mali kauli, yaani ulipwe vikishauzwa, huna budi. Andika hati yenye idadi, bei, punguzo na tarehe ya kuhesabu, isizidi miezi 3. Nakala 10 kwa duka zinatosha kuanzia.

---

Mwl_Bungoma

Shule je? Kampuni ile inasema kitabu "kinafaa CBC", yaani mtaala wa umilisi.

---

Kona_ya_Sheria

Kufaa ni maneno yao, Mwalimu. Kuidhinishwa ni kwa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, baada ya wito wa kuwasilisha vitabu, na kilichopita kinaingia kwenye orodha inayojulikana kama Orange Book. Uliza barua ya KICD yenye kichwa cha kitabu. Haipo? Basi ni kitabu cha hadithi cha kawaida, na hakuna ubaya, shule za binafsi na maktaba za shule zinanunua vya ziada kwa uamuzi wa mwalimu mkuu. Ila usilipie "uidhinishaji" usiokuwepo.

---

Kalamu_ya_Naivasha

Jamani mnawachapa wote fimbo moja. Kuna watoa huduma wa uchapishaji ambao ni waungwana. Mtu anataka historia ya ukoo wake au ya kanisa, nakala 150 za kugawa kwenye sherehe. Hahitaji mrabaha, hahitaji maktaba. Analipa, anachukua mzigo, kwaheri. Kosa liko wapi?

---

Kona_ya_Sheria

Hakuna. Huyo anauza kazi ya mikono na haki zinabaki kwako. Tunayemsema hapa ni anayechukua pesa kama fundi na haki kama mchapishaji. Mkataba wa mtoa huduma unaingia ukurasa mmoja na nusu: kazi, bei, tarehe, mafaili, marekebisho mangapi ya bure. Ukiona kurasa 14 zenye "mgawo wa mapato kutoka filamu", huyo si fundi.

---

Nyar_Ahero

Na wanaopiga simu kutoka ng'ambo? Wanajiita mawakala wa wachapishaji wakubwa wa New York.

---

Kona_ya_Sheria

Wakala wa kweli hulipwa asilimia kutoka kwa pesa anayokupatia, hakuombi "ada ya kuwasilisha" mbele. Anwani ya barua pepe iwe ya tovuti halisi ya kampuni anayodai, si jina la kampuni limebandikwa kwenye Gmail. Ingia tovuti ya Writer Beware utafute jina lao, wamekuwa wakifuatilia ulaghai huu tangu 1998. Hao wa "kitabu chako kipo katika maduka 40,000" wanamaanisha kimeorodheshwa kwenye mfumo ambao duka linaweza kuagizia. Hakuna hata nakala moja iliyo dukani.

Na kwa aliyekwisha kulipa na hajaona vitabu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya mkataba hadi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60. Kisumu na Nakuru ipo. Kusanya: mkataba, ujumbe wa M-Pesa au hati ya benki, ahadi za tarehe kwenye WhatsApp, na barua yako ya madai yenye siku za mwisho za kujibu. Kama ni kampuni, chukua CR12 (hati rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa) kupitia eCitizen ujue unamshtaki nani hasa, jina la ubao na jina lililosajiliwa huwa hayafanani. Dai la pesa peleka huko. Ugomvi wa nani ana hakimiliki una mlango wake mwingine, usiuchanganye humo.

---

Otis_Dunga

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kitabu cha Dholuo, methali na maelezo yake. Maktaba zitakitaka kweli?

---

Mkutubi_wa_Ziwani

Hicho kina soko ambalo riwaya ya Kiingereza haina. Maktaba ya Congress ya Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake ni kutafuta na kununua machapisho ya ukanda huu, ya lugha za kienyeji yakiwemo, kwa ajili yake na maktaba nyingine za huko. Inanunua, haiombi bure. Waandikie na ile karatasi ya taarifa. Andika lugha "Dholuo" wazi, na uweke muhtasari wa Kiingereza au Kiswahili ili mwenye kuorodhesha asikisie.

Hapa nyumbani kitaenda sehemu ya vitabu vya Kenya na lugha za kienyeji, mara nyingi cha kusomea humo humo bila kuazimwa, kwa hiyo toa nakala moja ya ziada ya kuazima. Usitegemee malipo kila kinapoazimwa. Uingereza wana mpango huo kwa sheria ya 1979, Kenya haupo. Kinachowezekana ni kujisajili KOPIKEN, wanaokusanya ada za kunakiliwa kwa vitabu, na huko utaulizwa ISBN na uthibitisho kwamba haki ni zako. Aliyeuza haki za kipekee kwa 150,000 atakwama kwenye fomu hiyo.

---

Wino_Kondele

Nimeelewa. Nitaweka hapa kesho kielelezo cha ile karatasi ya taarifa na mkataba wa ukurasa mmoja na nusu, Kona aupitie kabla watu hawajaanza kuunakili. Mpiga chapa, nitumie vipimo vya mgongo vya gramu 70 pia, wengi wanachapa kwa hiyo.

---

Mpiga_Chapa_Nakuru

Gramu 70 hesabu karibu milimita 0.09 kwa jani, kutegemea kiwanda cha karatasi. Lakini usikisie: chukua majani 100 ya karatasi yenyewe, yabane kwa vidole, pima kwa rula, gawanya. Msanifu apewe kipimo hicho, si cha kwenye mtandao.